Ng'ambo ya Unguja: nyumba ya mtu juu ya ardhi ya mwingine

Neno ng'ambo halina maana mpaka ijulikane kwanza msemaji amesimama wapi. Aliyeko Shangani, upande wa mji wa mawe, akitazama mashariki ataona ng'ambo Michenzani na Kikwajuni. Aliyeko Michenzani akigeukia magharibi naye angekuwa na haki ya kuiita Shangani ng'ambo. Katika mji wa Unguja, hata hivyo, jina hilo halijapata kugeuzwa. Limeganda upande mmoja kwa vizazi kadhaa, na waliozaliwa huko hulitumia kuitaja kwao bila kuona ajabu, ingawa maji ya mkono wa bahari yaliyolizaa yalikwisha kufukiwa na mahali pake leo kuna barabara, maduka, bustani na uwanja wa mpira.

Maandishi mengi kuhusu mji huu hutoa maelezo mepesi. Upande wa magharibi, husemwa, kuna mji wa mawe, wa kale, unaostahili kuhifadhiwa. Upande wa mashariki kuna nyumba za udongo zilizozuka baadaye bila mpango, na ambazo hazina la kumwambia mgeni. Maelezo hayo yanakosea katika umri na yanakosea katika ujenzi, lakini kosa lake kubwa ni kwamba yanauacha ufunguo wa habari nzima. Kilichozitenga pande hizi mbili kwa muda mrefu kuliko maji ya bahari ni suala la nani alimiliki ardhi iliyokuwa chini ya nyumba. Ukilishika suala hilo, hata sura ya nyumba zenyewe, mgomo wa kodi ya viwanja wa mwaka 1928 na majengo marefu ya Michenzani huanza kueleweka kama sehemu za kisa kimoja.

Mkono wa bahari

Shangani ni ulimi wa ardhi ambao zamani ulikaribia kuwa kisiwa. Mkono wa bahari uliingia upande wa kaskazini, karibu na Funguni, ukapita nyuma ya mji hadi eneo la Mnazi Mmoja, na siku za bamvua maji yalijaa kiasi cha kuufanya mji uonekane umezungukwa pande zote. Palipojengwa daraja la kuvukia ndipo panapoitwa Darajani hadi leo, na soko kuu lililofunguliwa hapo mwaka 1904 lilikaa mpakani hasa, mahali ambapo watu wa pande zote mbili walilazimika kukutana kila asubuhi, kwa kuwa hakuna anayekula bila kwenda sokoni. Maji hayo yalifukiwa kwa awamu katika karne ya 20, na barabara iliyopita ukingoni mwake sasa inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa.

Kuhusu umri, inatosha kukumbuka kwamba nyumba nyingi za mawe tunazozisifu leo hazina umri mkubwa kiasi hicho. Ngome Kongwe ni ya zamani kidogo, lakini mji wa mawe wenyewe ulipanuka baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, pamoja na utajiri wa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na Beit el Ajaib, jumba la sultani, lilijengwa mwaka 1883. Katika miongo hiyo hiyo ng'ambo ya maji watu walikuwa wakijenga. Tena hata ndani ya Shangani na mtaa wa Malindi wa mji huo huo nyumba za miti na udongo zilichanganyika na za mawe kwa muda mrefu. Zilipungua kidogo kidogo, kadiri viwanja vilivyopanda bei na matajiri walivyovihitaji, na waliokuwa wakiishi ndani yake wakavuka daraja. Hivyo pande hizi mbili zilikua pamoja, na mmoja ulipokuwa ukijisafisha uwe wa mawe matupu, mwingine uliwapokea wale waliosukumwa nje.

Wakazi hao hawakuwa watu wa aina moja. Walikuwamo watumwa waliopewa ruhusa ya kuishi mbali na mabwana zao na kufanya vibarua mjini, walioachwa huru, wavuvi, wachukuzi, mafundi, Wangazija, Wamanyema, Washihiri, na watu wa Unguja waliotoka mashamba. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipofutwa kisheria mwaka 1897 wengi waliokuwa mashambani waliona kwamba uhuru unaanzia mjini. Majina ya mitaa yao yanaonesha jinsi walivyoiona ardhi waliyoikuta: Miembeni na Mwembeladu kwa miembe, Kikwajuni kwa mkwaju, Michenzani kwa michenza, Kisima Majongoo kwa kisima, Gulioni kwa gulio, Mchangani kwa mchanga, na Kisiwandui, jina lililobeba kisiwa na ndui kwa pamoja. Mingine ina majina ya watu, kama Kwahajitumbo na Kwaalinatu. Hakuna hata mmoja kati ya mitaa hiyo uliopewa jina na ofisi.

Kiwanja cha mmoja, nyumba ya mwingine

Ardhi ya Ng'ambo ilikuwa na wenyewe. Sehemu kubwa ilikuwa mali ya familia zenye mashamba, au ilikuwa wakfu ambao mapato yake yalikusudiwa msikiti au kizazi fulani. Mwanzoni mwenye ardhi alimruhusu mtu wake, yaani mtumwa wake, aliyemwacha huru, au mtu aliyekuwa chini ya hifadhi yake, kujenga mahali fulani bila kulipa chochote cha fedha. Malipo yalikuwa ya namna nyingine: heshima, kuonekana kwenye harusi na misiba ya bwana, kuitikia wito. Aliyejenga alimiliki nyumba. Ardhi ilibaki kuwa ya aliyemruhusu. Sheria ya Kiislamu haioni taabu katika mpangilio huo, kwa sababu inakubali jengo liwe la mtu mmoja na kiwanja kiwe cha mwingine, na nyumba iweze kuuzwa, kurithiwa au kuwekwa rehani peke yake. Mombasa wana jina fasaha la hali hii, nyumba bila ardhi, na mitaa ya huko kama Majengo imejengwa kwa desturi hiyo hiyo.

Matokeo yake katika ujenzi ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu ambaye kiwanja si chake hana sababu ya kuizika mali yake katika kuta nene za mawe na chokaa ambazo hawezi kuondoka nazo. Atajenga kwa vitu ambavyo, ikibidi, vinaweza kufunguliwa na kubebwa: nguzo, milango, madirisha, mbao, baadaye mabati. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa nyepesi kwa hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Wageni walioitazama wakaona ufukara au ukosefu wa ustadi walikuwa wanatazama kuta na kusahau kuuliza habari za hati ya ardhi.

Namna nyumba ilivyojengwa

Kwanza vifaa. Nyumba ya mawe ya Shangani imetengenezwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo, na boriti za mikoko. Nyumba ya Ng'ambo imetengenezwa kwa mikoko, udongo mwekundu, vipande vya mawe hayo hayo ya matumbawe na, kwa aliyejiweza, chokaa ile ile. Tofauti iko katika kazi ambayo kila kifaa kimepewa. Katika nyumba ya mawe ukuta ndio unaobeba, na mti hulazwa juu yake kushika dari. Katika nyumba ya udongo mti ndio unaobeba, na udongo hujaza nafasi tu.

Fundi alianza kwa kuchimbia nguzo, kisha akafunga fito kwa kamba, za mlalo kwa nje na kwa ndani, mpaka pakawa na kimia cha miti chenye nafasi katikati. Katika nafasi hiyo palishindiliwa mawe madogo, na kiambaza kikakandikwa kwa udongo. Kazi ya kukandika ilikuwa ya wengi, wanaume na wanawake, na mwenye nyumba alipaswa kuwalisha waliokuja. Ukuta ukikauka, mwenye uwezo aliupiga lipu ya chokaa ndani na nje, na nyumba ya namna hiyo, ikitunzwa vizuri, mpita njia hawezi kuitambua kuwa ni ya miti mpaka lipu idondoke. Juu ya kuta ulilazwa mtambaapanya, mti wa kubebea paa, nyumba ikapauliwa kwa miti membamba zaidi, kisha ikaezekwa makuti ya viungo. Wafanyabiashara wa mikoko walikuwa na majina ya kila unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na mtu aliyekwenda kununua alijua anataka korija ngapi, yaani mafungu ya ishirini ishirini, za kila aina. Makuti yalibadilishwa kila baada ya miaka michache. Yakafuata madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, kisha mabati, ambayo yaliondoa hofu ya moto na kuleta joto lisilokuwapo.

Ramani ya ndani ni rahisi kuieleza, na ndipo penye akili nyingi. Mbele kuna baraza, kiti cha udongo au cha mawe kilichoambatana na ukuta wa nje, chini ya mchirizi wa paa. Mlango mmoja unaingia kwenye ukumbi, njia iliyonyooka kutoka mbele hadi nyuma, na vyumba vimepangwa kushoto na kulia, viwili viwili au vitatu vitatu. Ukumbi unatokea uani, palipo na jiko, choo, kisima kwa waliobahatika, na banda la kuku. Kutoka barabarani hadi uani mtu anapita hatua kwa hatua katika faragha: barazani hukaa yeyote, ukumbini huingia aliyekaribishwa, uani ni pa wanawake na watu wa nyumbani. Nyumba kubwa ya mawe hufanya jambo hilo hilo kwa kupanda ghorofa. Hii inalifanya kwa kwenda nyuma.

Faida nyingine ya ramani hiyo ilikuwa ya kiuchumi. Kwa kuwa kila chumba kina mlango wake ukumbini, chumba kinaweza kupangishwa bila kuivuruga nyumba iliyobaki. Mwenye nyumba huishi katika vyumba viwili na kupangisha vinne. Mwanawe akioa, mpangaji mmoja huombwa atafute pengine. Wamiliki wengi wa nyumba hizi walikuwa wanawake, ambao kwao chumba cha kupangisha kilikuwa njia ya kuishi bila kumtegemea ndugu wala mume. Nyumba hizo za miti na udongo, tunazozoea kuziita duni, ziliwalisha watu wengi kuliko majumba yaliyochongewa milango ya kupendeza.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuhamia mjini mwaka 1911, alikaa katika mitaa hii na hapa ndipo sauti yake ilipopata wasikilizaji wa kwanza, kabla ya safari ya Bombay ya mwaka 1928 ya kurekodi sahani za santuri. Mwaka huo huo wa 1928 Ng'ambo ilikuwa katika mgogoro mkubwa, na mgogoro wenyewe ulihusu ardhi.

Mgomo wa kodi ya viwanja

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ule uhusiano wa zamani wa bwana na mtu wake ulikuwa umekwisha kulegea. Familia nyingi zenye ardhi zilikuwa na madeni, viwanja vikauzwa au kuchukuliwa kwa rehani, na wamiliki wapya, wengi wao wafanyabiashara wa Kihindi, hawakuwa na sababu ya kutaka salamu za asubuhi kutoka kwa watu wasiowajua. Walitaka fedha. Kodi ya kiwanja, iliyokuwa haipo au ndogo sana, ikawa jambo la kawaida na ikaongezwa mara kwa mara katika miaka ya 1920. Waliotakiwa kulipa walikuwa watu ambao babu zao walijenga hapo bure na waliokuwa wanaamini kwamba ruhusa ile ilikuwa ya kudumu.

Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo wakakataa kulipa. Jambo linalopaswa kutazamwa kwa makini ni kwamba waliogoma walikuwa wenye nyumba, hawakuwa wapangaji wa vyumba. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kupoteza, kwa sababu mwenye kiwanja angeweza kumtaka aondoe nyumba yake. Lakini kufukuza mtaa mzima ni kazi nyingine kabisa na kumfukuza mtu mmoja. Serikali ya kikoloni, iliyoanza kwa kuwatetea wenye ardhi, iliishia kutunga sheria ya kuweka kikomo cha kodi ya viwanja. Ushindi huo haukuigeuza ardhi kuwa ya wakazi, ila ulikwisha kuwaonesha kwamba Ng'ambo, iliyokuwa na watu wa asili mbalimbali, inaweza kusema neno moja.

Wakati huo wataalamu walikuwa wameanza kuupangia mji. Lanchester, Mwingereza, alitoa mpango wake mwaka 1923. Kendall na Mill wakatoa wao mwaka 1958. Mipango yote miwili iliichukua Ng'ambo kama tatizo la afya, moto na msongamano, lenye kutibiwa kwa barabara pana na nafasi wazi, na sehemu kubwa ya yaliyopendekezwa ilibaki kwenye karatasi. Kilichojengwa kweli baada ya Vita vya Pili ni kituo cha jamii cha Raha Leo, mahali pa starehe na mafunzo ambapo serikali ilitarajia kuwatuliza watu wa Ng'ambo. Redio ya serikali nayo ikawekwa hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi walielewa vyema umuhimu wa jengo hilo, na ni kutoka Raha Leo ambako Unguja nzima ilisikia kwamba serikali imepinduliwa.

Michenzani

Mapinduzi yaliondoa suala la wenye viwanja kwa mkato: ardhi yote ikawa ya serikali. Nyumba nyingi za mawe zilitaifishwa, na watu wa Ng'ambo, Pemba na mashamba wakahamishiwa ndani yake, jambo ambalo peke yake linatosha kuonesha ugumu wa kuuandika mji huu kama pande mbili zisizochanganyika. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki mapema mwaka 1964, na kutoka huko wakaja wahandisi na wapangaji miji. Walianza na nyumba za ghorofa Kikwajuni. Mwaka 1968 ukatoka mpango wa mji chini ya Hubert Scholz, uliokusudia kuiondoa Ng'ambo ya zamani na kusimamisha majengo ya ghorofa mahali pake.

Kilichotokea ni Nyumba za Maendeleo za Michenzani: majengo kumi ya zege, mengine yakiwa na urefu unaokaribia mita 300, yaliyopangwa kando ya barabara mbili pana zinazokutana kwenye mzunguko na kuukata mji umbo la msalaba. Nyumba za udongo zilizokuwa kwenye njia ya msalaba huo zilivunjwa, na waliovunjiwa wakapewa fleti. Kazi za mikono zilifanywa na wananchi waliopangiwa zamu za kujitolea, ingawa kujitolea kwenyewe hakukuacha nafasi kubwa ya kukataa. Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeushikilia mpango huu kwa moyo wake wote, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 Kisiwandui, ndani ya Ng'ambo hiyo hiyo, na majengo ya mwisho yalikamilika miaka mingi baada yake. Majengo ya aina hiyo yalipelekwa pia Bambi na Makunduchi, na Wete na Mkoani kule Pemba.

Ni rahisi kuyacheka majengo haya, na wengi wamefanya hivyo. Kwa waliotoka katika chumba kimoja cha kupanga, fleti yenye choo cha ndani, maji na umeme, bila kodi, haikuwa jambo la kuchekesha. Ila ramani yake haikuwa na ukumbi wala uani wala baraza. Kupika kulihamia penye nafasi finyu, kuanika kukahamia roshani, na mazungumzo yaliyokuwa barazani yakateremka chini, penye majani na vivuli vya majengo, ambako hadi leo jioni watu hujaa. Wapangaji wa miji wangesema hiyo ni nafasi ya wazi. Wakazi wameigeuza baraza moja ndefu.

La kushangaza zaidi huonekana mtu akipita nyuma ya majengo. Msalaba ulijengwa, yaliyokusudiwa kujazwa katikati ya mikono yake hayakujengwa. Majengo ya Michenzani yamesimama kama pazia, na nyuma ya pazia Mwembetanga, Kisima Majongoo na mitaa mingine imebaki na vichochoro vyake, misikiti yake midogo na nyumba zenye ukumbi katikati. Mpango wa Wachina wa mwaka 1982 ulikuta hali hiyo na kuiacha kwa kiasi kikubwa.

Nini cha kuhifadhi

Jina Mji Mkongwe lilipata nguvu pamoja na kazi ya uhifadhi. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mstari wa uhifadhi ulifuata, kwa sehemu kubwa, ule ule mkono wa bahari uliofukiwa, na kwa hivyo mgawanyo wa karne ya 19 ukapata muhuri mpya: huku kuna urithi, kule kuna makazi. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioendeshwa na idara ya mipango miji ya Zanzibar pamoja na washirika kutoka Uholanzi katika miaka ya 2010, ulikuwa jaribio la kwanza la maana la kuichora na kuieleza Ng'ambo kama mji wenye historia yake, majengo ya Michenzani yakiwamo.

Ugumu ni kwamba nyumba ya udongo haihifadhiwi kama nyumba ya mawe. Ilijengwa ili ifanyiwe ukarabati kila mara, na ikiachwa misimu michache ya mvua huanguka. Wenyewe wanapopata fedha hubadilisha kiambaza kimoja kwa matofali ya saruji, mwaka mwingine kiambaza cha pili, mpaka siku moja hakuna udongo uliobaki, lakini ukumbi upo pale pale na vyumba vimekaa kushoto na kulia kama vilivyokuwa. Je, hiyo ni nyumba ya zamani au mpya? Mimi naiona ya zamani. Kilichodumu Ng'ambo ni ramani, na ramani ndiyo inayofaa kuorodheshwa kabla ya kuta.

Kwingine mabadiliko hayaendi kwa kiambaza kimoja kimoja. Katika mtaa wa Kwahani, nyumba za zamani zimevunjwa katika miaka ya karibuni kupisha majengo ya ghorofa, na suala la mwaka 1928 limerudi kwa sura nyingine, kwa sababu ardhi bado ni ya umma na mwenye nyumba ana haki ya kuitumia tu. Anachoweza kukitaja kuwa chake bila mjadala ni jengo. Na jengo lenyewe mara nyingi ni la mirathi: babu aliacha vyumba sita, warithi wamekuwa kumi na wawili, dada anapata nusu ya fungu la kaka, mmoja yuko Muskati na mwingine Pemba. Wanapokaa kugawana, hisa huhesabiwa kwa vyumba, na kila mtu hutaja kile alicholelewa ndani yake. Ukumbi hauingii kwenye hesabu, kwa kuwa wote wanapita humo.